Meneja wangu anauliza mambo ya ndani mno. Mnamjibuje bila kuchafua hali ya hewa?

Tabata Shule

Habari zenu wakuu. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu.

Nafanya kazi kwenye ofisi ya uwakala wa forodha hapa mjini. Tuko wachache, mtu akipiga chafya chumba cha nyuma wa mapokezi anamwitikia. Meneja wetu ni mama wa makamo, mchapakazi, kazi anaijua kuanzia getini bandarini mpaka kwa watu wa TRA, na mshahara hauchelewi. Nasema haya mapema ili msinijie na "acha kazi dada". Sitaki kuacha kazi. Shida yake ni moja: anahoji.

Sizungumzii yale ya "nyumbani hawajambo?" Hayo ni salamu, na asiyeuliza ndiye tunamwona ana maringo. Nazungumzia hivi: unaingia kumpelekea nyaraka za kontena asaini, kalamu ameshaishika, anakuangalia juu ya miwani, "Hivi yule kijana anayekushusha asubuhi, ni mchumba au ndo mnapotezeana muda?" Unaomba ruhusa uende hospitali, haulizi utarudi saa ngapi, anauliza unaumwa nini. Ukisema tumbo, "la juu au la chini?" Na la chini mnajua linakoelekea.

Mwenzetu mmoja yuko kwenye ndoa muda sasa, hajabahatika kupata mtoto. Aliulizwa wakati wa chai, watu wameshika vitumbua mkononi, kama tatizo ni lake au la mume. Hakuna aliyemalizia chai. Kijana wa magari kanunua gari, IST ya mkononi, akaulizwa hela katoa wapi kwa sababu "mshahara wako mimi ndiye naidhinisha". Mimi nimeulizwa kodi ya chumba ni shilingi ngapi na nani analipa, nasali wapi, na kwa nini sikuonekana kwenye picha za kipaimara cha mtoto wa dada yangu. Picha hizo alizionea WhatsApp, anapitia kila ninachopandisha.

Sasa sikilizeni kinachoniuma. Majibu yanatumika. Tuna safari za Tunduma kufuatilia mizigo inayovuka mpaka, na safari zina posho, msiniulize kiasi gani ila mtu anaikumbuka. Dada aliyekuwa na zamu aliwahi kumwambia mama, kwa nia njema kabisa, kwamba mumewe hapendi alale nje ya nyumba. Zamu yake ilipofika jina lilirukwa. Hakuulizwa. Alipouliza yeye, akaambiwa "nimekuhurumia ndoa yako".

Nia yake si mbaya, hilo nitamtetea. Mtu akifiwa yeye ndiye anafika wa kwanza msibani, bahasha mkononi, na anabaki mpaka wanatandua mikeka. Ila jibu likishatoka mdomoni mwangu silioni tena linakokwenda. Nikicheka na kubadilisha mada, anaishia siku hiyo, kesho anaanzia pale pale alipoishia. Mtu mzima, tena bosi, mnamjibuje bila kuonekana hamkulelewa?

Ngosha wa Ubungo

Huyo si meneja, huyo ni mjumbe wa nyumba kumi. Nimekaa pale.

Mzaramo Halisi

Mnakuza mambo. Kampuni za watu binafsi hapa Dar zinaendeshwa kwa kujuana. Mwanangu alipolazwa Muhimbili ni bosi aliyeniuliza mbona uso umenishuka. Nikamwambia. Jioni ile ile mhasibu akanipa advansi bila hata barua. Angekuwa bosi wa "kazi tu, mengine hayanihusu", ningekimbilia kwa wakopeshaji wa mtaani, na riba zao mnazijua. Mama anakuulizeni kwa sababu anakuoneni kama wanawe. Siku akiacha kuuliza mtakuja hapa kulia kwamba bosi hana utu.

Tabata Shule

Mkuu nimekusoma, na hiyo ya advansi naamini kabisa. Ila wewe ulikuwa na shida, ukaulizwa, ukasaidiwa. Yule dada hakuwa na shida yoyote. Alisema jambo la nyumbani wanapiga soga, likamkosesha posho. Ungesema nini kama bosi wako angekuambia "mtoto wako mgonjwa mgonjwa, nafasi ya usimamizi nampa mwingine"?

Mzaramo Halisi

Hapo umenibana. Ila bado nasema msimvunjie heshima mama.

Bi Mkubwa Kimara

Hamjambo wanangu. Nimestaafu, nilikaa upande wa utumishi miaka mingi, kiwandani kwanza halafu maofisini, kwa hiyo nimekuwa upande wa wanaouliza. Acheni niwaambie kinavyoonekana kutoka kule.

Kuna maswali ambayo ofisi ina haki nayo, na mara nyingi yana fomu. NSSF watataka majina ya warithi wako. Bima ya afya, kama unamwingiza mume au mke na watoto, watataka cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa. Bodi ya mikopo ya wanafunzi nao wana makato yao, asilimia 15 ya mshahara wa msingi, kwa hiyo mwajiri lazima ajue kama ulikopa. Namba ya ndugu wa kupigiwa ukipata ajali kazini. Hayo jaza, tena kwa ukweli, maana siku ya siku ni watoto wako watakaohangaika. Nilichokuwa nawafundisha mameneja vijana ni hiki: kabla hujafungua mdomo jiulize, swali hili naliandika wapi? Ukiwa huna pa kuliandika, huna kazi nalo.

"Unaumwa nini" ni mfano mzuri. Ofisi inahitaji kujua haupo, utakosekana siku ngapi, na daktari amesaini. Ndiyo maana kuna ED, ile karatasi ya daktari ya kukupumzisha kazi. Sheria ya ajira inatoa siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36, siku 63 za mwanzo kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu, na sharti lake ni cheti cha daktari aliyesajiliwa. Kipengele hicho hakikutumi ukamsimulie meneja tumbo la juu na la chini. Mpe karatasi, mwambie, "Mama, daktari kanipa siku mbili, kazi ya Jumatano nimemkabidhi fulani." Kabidhi kazi kwa mdomo wako mwenyewe. Meneja akisikia kazi yake ina mtu, nusu ya udadisi inaisha, kwa sababu udadisi mwingine ni hofu tu ya kubaki na pengo.

Sasa ya mchumba, kodi na watoto. Binti yangu, usidanganye. Si kwa ajili ya dini, ni kwa ajili ya usumbufu. Ukimwambia mama kwamba yule kijana anayekushusha ni kaka yako, utamlea huyo kaka mpaka unastaafu, na siku ya kadi ya mchango wa harusi utakuwa na maelezo ya kutoa. Chagua jibu moja, fupi, lenye adabu, na ulirudie lile lile kila mara kwa sauti ile ile. "Nashukuru mama kwa kunijali, ya nyumbani yanakwenda salama." Halafu papo hapo rudisha kazi mezani: "Hii ya kontena naomba saini kabla ya saa nne, gari liko getini." Akirudi kesho, mpe sentensi ile ile. Usiongeze, usipunguze, usiifanyie mzaha. Mdodosaji anatafuta kipya, na wewe kila siku unampa kiporo.

Ya yule dada mwenye kuulizwa mbele ya watu ni nzito zaidi na sentensi fupi haimtoshi. Hapo mtu aombe nafasi peke yake na mama, mlango ufungwe, aanze na shikamoo na shukrani za kweli kama zipo. Kisha aseme kilichompata yeye, asiseme tabia ya mama. "Nilipoulizwa habari ya mtoto mbele ya wenzangu niliumia, siku nzima sikufanya kazi. Naomba lile tusilizungumze tena ofisini." Asimwite mbea hata kama ndivyo alivyo. Mtu mzima ukimpa njia ya kurudi nyuma bila aibu, wengi wanarudi.

Na kama hawezi kusema mwenyewe, tafuteni mshenga. Kila ofisi ina mtu ambaye bosi anamsikiliza. Mara nyingi ni mhasibu mzee au dereva aliyeanza naye kazi. Nimeona mambo yaliyoshindikana kwa barua yakimalizwa na dereva, kutoka Posta mpaka Mwenge kwenye foleni.

Kapero

Shikamoo Bi Mkubwa. Hiyo ya kiporo nimeichukua bila kuomba.

Kisutu Corner

Bi Mkubwa kamaliza upande wa busara, mimi niguse sheria kidogo, maana naona watu wanadhani hapa hakuna sheria kabisa.

Hakuna kifungu kinachosema "bosi asiulize". Kilichopo kinagusa anachofanya na jibu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi kazini, na orodha yake ni ndefu: kabila, dini, jinsia, ujauzito, hali ya ndoa, majukumu ya familia, ulemavu, VVU, umri na mengine. Kifungu hicho hicho kinahesabu unyanyasaji kwa misingi hiyo kuwa ni aina ya ubaguzi. Mrudieni dada wa Tunduma. Kurukwa kwenye safari yenye posho kwa sababu ana mume ni hali ya ndoa na majukumu ya familia. "Nimekuhurumia" si utetezi. Huruma ingekuwa kumuuliza.

Afya ina uzio wake. Sheria ya UKIMWI ya 2008 inakataza kumlazimisha mtu kupima VVU kama sharti la kazi na inalinda siri ya majibu. Halafu kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na Tume yake ipo. Habari za afya, dini na mahusiano ya mtu ziko kwenye kundi nyeti, zina masharti makali zaidi ya kuzikusanya na kuzitunza. Kwa hiyo ofisi inayoandika kwenye faili la mtu "hajapata mtoto, anahangaika hospitali" inajitafutia balaa. Ukitaka mzizi kabisa, Ibara ya 16 ya Katiba inalinda maisha binafsi ya mtu na familia yake.

Ujauzito nao watu wanauchanganya. Unayetakiwa kutoa taarifa ni wewe, angalau miezi 3 kabla ya tarehe ya matarajio, ukiwa na cheti cha daktari, ili likizo ya siku 84 ipangwe, 100 wakiwa mapacha. Meneja hana haki ya kukutazama tumbo na kukuuliza mwezi wa ngapi. Ila kama kazi yako ni ya kemikali au kubeba mizigo, sema mapema kwa faida yako, kwa sababu mwajiri haruhusiwi kukupa kazi ya hatari kwako au kwa mtoto, na hawezi kukulinda na asichokijua.

Mkifika pabaya, mlango ni CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Kufukuzwa kazi ni ndani ya siku 30, migogoro mingine siku 60. Watu wanapoteza haki zao kwa kuchelewa kuliko kwa kukosa ushahidi. Kwa hiyo andikeni. Daftari la kawaida linatosha: tarehe, alichosema kwa maneno yake, nani alikuwepo, kilichofuata kazini. Likae nyumbani, lisikae kwenye kompyuta ya ofisi.

Ngosha wa Ubungo

Sasa mkuu, yaani nimpeleke mama wa vitumbua CMA?

Kisutu Corner

Hapana. Kwa vitumbua tumia sentensi ya Bi Mkubwa. Daftari ni kwa siku ambayo jina lako limerukwa.

Mwenge Kwa Mama

Naomba nitenge jambo moja hapa kabla uzi haujapoa. Mleta mada anasema bosi mwanamke mwenye umbea wa kimama. Mimi bosi wangu alikuwa mwanaume. Maswali yalianza hivyo hivyo: unaishi wapi, unakaa na nani, jamaa yako anafanya kazi gani, weekendi unakuwa wapi. Kila moja ukilitazama peke yake halina kosa. Ukiyapanga unaona alikuwa anapima kama kuna mtu atakayeuliza habari zangu. Likafuata la mkataba, kwamba unaisha mwezi ujao, tuonane sehemu tulivu tuuzungumze.

Kwa huyo usitumie "nashukuru kwa kunijali". Atalipenda. Jibu la hapo ni "mkataba tuuzungumzie ofisini, na mtu wa utumishi awepo." Basi. Na ujumbe wake wa simu usifute hata kama unakukera kuutazama. Rushwa ya ngono ni kosa kwenye sheria ya rushwa ya 2007, kifungu cha 25, na TAKUKURU wanapokea taarifa kwa namba 113 bila malipo. Sikuifahamu namba hiyo wakati ule, nikaokolewa na bosi wa juu zaidi aliyekuwa mtu wa haki. Si kila ofisi ina mtu huyo.

Bi Mkubwa Kimara

Asante mwanangu kwa kulitenga. Ni kweli, mbea anakuuliza mbele ya watu kwa sababu anataka hadhira. Huyo wa kwako huuliza mkiwa wawili. Ukiona maswali yanasubiri watu watoke, usisubiri nawe.

Mzaramo Halisi

Na sisi wanaume? Mimi niliulizwa mbona naishi kwa mama mkwe. Nikacheka nao, lakini iliniingia.

Kapero

Pole mkuu. Ndo umejiunga na sisi sasa.

Tabata Shule

Wakuu nimerudi na mrejesho, samahanini kwa ukimya, mwisho wa mwezi bandarini hakuna kulala.

Sentensi ya Bi Mkubwa nimeitumia. Mara ya kwanza mama alinitazama kama nimemjibu kwa Kichina. Mara ya pili akasema "mh, siku hizi una siri." Nikamwambia "hapana mama, yanakwenda salama tu," na faili mbele yake. Baada ya hapo kwenye mchumba amelegeza. Kanisani bado anauliza, hilo nimeamua kumwachia, halinipunguzii kitu, na ukweli ni kwamba namwona anataka tu mtu wa kwenda naye kwenye semina zao.

La mwenzetu wa mtoto tulipitia kwa mhasibu. Ni mzee, wamefahamiana tangu ofisi ikiwa chumba kimoja Kariakoo. Sijui alimwambia nini na sikuuliza, maana ningekuwa mbea mimi. Ila siku moja mama alimwita yule dada, wakakaa ndani, alitoka macho mekundu na uso mwepesi. Chai sasa tunanywa.

Kubwa ni Tunduma. Badala ya kubishana habari ya ndoa ya mtu, tulipendekeza orodha ya zamu ibandikwe ukutani, majina kwa mpangilio, na asiyeweza kwenda aandike mwenyewe kwamba anapisha. Tulimwambia itampunguzia lawama, na ni kweli, alikuwa amechoka kulaumiwa. Akakubali bila ubishi. Dada anaondoka wiki ijayo. Mumewe, kumbe, alishabadilisha msimamo siku nyingi, ila hakuna aliyekuwa amemuuliza mwenyewe.

WhatsApp nimemficha kimya kimya. Hajagundua, au amegundua na amenyamaza.

Kisutu Corner

Hiyo ya orodha ukutani imezidi vifungu vyangu vyote. Daftari bado liendelee.

Ngosha wa Ubungo

Mtatuletea nini kutoka Tunduma? Mchele wa Kyela unapita njia hiyo hiyo, mwambie dada asitusahau.

Mgeni Mbezi

Habari za jioni, nimeusoma uzi wote kwenye mwendokasi. Mimi kazi sina bado. Nina usaili, na rafiki yangu aliyepita ofisi hiyo hiyo aliulizwa kama ameolewa, na ana mpango wa kuzaa lini. Nikiulizwa nifanyeje? Sitaki kukosa kazi kwa kiburi.

Kisutu Corner

Kifungu cha 7 nilichosema kinamhesabu na mwombaji wa kazi kuwa mfanyakazi, na usaili umo ndani yake. Kwa hiyo kukunyima kazi kwa sababu utazaa ni ubaguzi. Lakini kwenye kiti cha usaili usisome sheria. Bi Mkubwa atakupa maneno.

Bi Mkubwa Kimara

Anayeuliza utazaa lini huwa anataka kujua kama utakuwepo kazini. Mjibu hilo la kuwepo. "Nimesoma majukumu kwenye tangazo, pamoja na safari, na nimejipanga kuyamudu." Kisha umgeuzie kwa upole, "Nafasi hii ina safari ngapi kwa mwezi?" Uso uwe mkunjufu, mikono itulie. Akirudia mara ya pili, rudia jibu lile lile. Akirudia mara ya tatu, kumbuka kuwa huyo ndiye utakayemwomba ruhusa ya kwenda hospitali, ufikirie vizuri kabla ya kusaini mkataba.

Mgeni Mbezi

Asante sana mama, shikamoo. Usaili ni Alhamisi, Mikocheni. Nitaleta mrejesho hapa hapa.